Mabaki ya jipsam yatengewe mahali pake hapa Mombasa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie mabaki ya jipsam, yale ya bodi nyeupe zenye karatasi juu na chini tunazowekea siling na partisheni. Sisi watu wa mjengo hapa Mombasa twayaona kila siku na kila siku yanatupwa, na sijaona jambo hili likiandikwa kwa lugha yetu ili fundi, mwenye nyumba na mtu wa mkokoteni wote waelewe ni kitu gani hicho wanachokibeba. Mimi ni msimamizi wa saiti, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa siling, kwa hivyo hii bodi naijua kwa kuishika.

Siku hizi hakuna nyumba inajengwa Nyali, Bamburi, Tudor, hata huku kwetu Mtopanga, ikakosa siling ya jipsam. Mwanzo ilikuwa mambo ya matajiri, sasa hata chumba kimoja cha kupangisha mwenye plot anaweka manake wapangaji wanaulizia. Ofisi, maduka, hoteli, zote ni jipsam juu na partisheni za jipsam ndani. Na kila inapowekwa lazima vipande vibaki, bodi ni mita 1.2 kwa 2.4, ukiikata izunguke balkhedi, yaani zile ngazi za siling zinazoshushwa pembeni kwa urembo, ukitoboa matundu ya taa, ukifika kwenye kona, karibu sehemu moja ya kumi ya bodi ulizonunua inakuwa taka, na fundi asiyepima vizuri anapita hapo. Hiyo ni nyumba mpya. Kwa nyumba iliyokwisha kukaliwa sisi wa pwani twaumia zaidi, hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, masika ikiingia bati likivuja kidogo tu bodi inanyonya maji, inavimba, inashuka tumbo, mwisho siling nzima inang'olewa inawekwa nyingine. Bodi moja ya milimita 9 ina karibu kilo 20. Piga hesabu nyumba ya vyumba vitatu uone ni mzigo gani unatoka pale mlangoni.

Sasa huo mzigo waenda wapi? Mwingine unatiwa kwenye kanta, lile lori dogo, pamoja na mifuko ya simiti, mabaki ya mbao na makombo ya chakula cha vibarua, unapelekwa jaani Mwakirunge, na huko wachanganyika na maganda ya ndizi, pampasi na kila uchafu wa jikoni wa mji huu. Mwingine haufiki huko. Mtu wa mkokoteni analipwa pesa yake hapo saiti, akishapita kona hakuna anayemuuliza kitu, anatafuta mahali pasipo na macho anamwaga, kwenye mikoko, kwenye mtaro, kwenye kiwanja cha mtu ambaye hayuko. Mtaani kwetu kuna kiwanja kama hicho, kontrakta mmoja alikuwa anajenga ghorofa jirani na kila jioni vipande vinaletwa pale, watoto wanachezea wanatoka weupe kichwa mpaka miguu, mvua ikanyesha ile rundo ikawa uji, ikateremka na maji mpaka kwenye mtaro na mtaro ukaziba. Wazee wa mtaa walipomfuata akawaambia hiyo ni chokaa tu, haina neno.

Hapo kwenye "chokaa tu" ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu sio yeye peke yake, watu wengi wanaamini hivyo na mimi siwalaumu, zote ni nyeupe na zote ni za ukuta. Lakini si kitu kimoja. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni hayo hayo matumbawe yaliyochomwa, ikishakaa na hewa inarudi kuwa jiwe lile lile, ikianguka ardhini ni kama imerudi kwao. Jipsam ina salfa ndani yake. Katika kilo 100 za jipsam safi karibu kilo 18 ni salfa, na karibu sehemu moja ya tano ya uzito ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe. Hayo maji ndiyo yanaifanya izuie moto, ndiyo sababu mtu akijaribu kuichoma jaani karatasi yashika moto lakini moyo wa bodi unabaki pale pale. Na hiyo salfa ndiyo inayoleta balaa ikizikwa vibaya.

Nieleze vile inavyokuwa. Ukiifukia jipsam mahali penye maji, pasipo na hewa, na pana uchafu unaooza, kuna bakteria wa ardhini wanaotumia ile salfeti, yaani salfa ya jipsam ikiwa imeshikana na oksijeni, mahali pa oksijeni ya hewa ili waule ule uchafu, na kinachotoka ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa harufu yake. Simama kando ya mikoko maji yakipwa, kule Tudor ama Mikindani, ile harufu ya yai viza inayotoka kwenye tope ni gesi hiyo hiyo, manake maji ya bahari yana salfeti ya asili na kwenye tope mna majani yanayooza. Pale kwenye mikoko inatoka kidogo kidogo na upepo waichukua, ndiyo maana babu zetu wamevua pale miaka yote bila shida. Jaani mambo ni mengine, bodi kwa matani zimelazwa juu ya taka za jikoni kwa matani, mvua yapiga, juu yamwagwa taka nyingine, hewa haipiti, gesi inajikusanya. Nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo inakaa chini kwenye mashimo na mabonde ya taka, pale pale wanapoinama ndugu zetu wanaookota chupa na vyuma.

Ikiwa kidogo inachoma macho na koo, kichwa kinauma. Ikifika sehemu 100 katika milioni ya hewa pua inakufa ganzi, mtu hasikii tena harufu anadhani imeisha, na mimi naona hiyo ndiyo hatari yake kubwa kuliko zote kwa sababu mwili hauna tena wa kuuonya. Ikifika 700 hadi 1000 mtu anaanguka na anaweza kufa dakika chache tu. Haya si ya kutishana. Japani mwaka 1999, mji wa Chikushino katika mkoa wa Fukuoka, wafanyakazi 3 walikufa kwa gesi hii kwenye jaa la taka. Vancouver kule Kanada walipiga marufuku jipsam kwenye majaa yao tangu 1984, miaka 40 na zaidi sasa. Uingereza na Wales kuanzia 2009 huruhusiwi kabisa kuizika pamoja na taka zinazooza, lazima itengwe ama ipelekwe kusagwa. Wenzetu hao hawana joto letu la mwaka mzima, na uchafu unaooza, kama kila mama anayeuza samaki Kongowea ajuavyo, kwenye joto unaoza mbio.

Kuna njia ya tatu ya kuitupa ambayo watu hawaihesabu kuwa ni kutupa, na kwangu mimi kama mtu wa saiti hii inaniuma zaidi. Mtu anajenga, anataka hadikoo, yaani mawe ya kujaza chini ya slebu ya sakafu, mawe ni ghali, basi anaambiwa kuna vifusi vya bure pale, anachukua vifusi vimo matofali, mawe, na jipsam ndani. Anajaza, anashindilia, anamwaga zege juu. Jipsam inayeyuka ndani ya maji, sio sana, kama gramu 2 kwa lita, lakini kwenye ardhi yenye unyevu hiyo yatosha kwa sababu kazi yenyewe ni ya miaka. Ile salfeti inapanda inakutana na simiti, zinatengeneza chembe zinazovimba ndani ya zege, na sakafu inaanza kuinuka katikati, nyufa zinatoka, vigae vinabanduka, ukuta wa ndani unasukumwa. Mwenye nyumba anamlaumu fundi wa vigae. Anabandua anaweka vingine navyo vinabanduka. Kama unasoma hii na uko karibu kujaza msingi wako, tafadhali sana nenda ukaangalie kile kifusi kwa macho yako kabla hakijamwagwa, kipande cheupe chenye karatasi ubavuni ukikiona kitoe, usione haya kumsimamisha dereva wa tipa, nyumba ni yako.

Visima pia tusivisahau. Nyumba nyingi za Mombasa zategemea maji ya kisima manake ya mfereji hayaaminiki, na chini yetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, kinachomwagwa juu kinashuka. Maji yakizidi salfeti yanakuwa machungu na yanamharisha asiyeyazoea.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hasa kimenifanya niandike. Jipsam si taka ya kutupa! Ni katika vitu vichache vya ujenzi ambavyo vyaweza kurudi vilivyokuwa, tena na tena. Jiwe la jipsam linachimbwa, linasagwa, linapashwa moto kama wa nyuzi 150 hivi, yale maji yake mengi yanatoka linakuwa ule unga wa plasta, ukiutia maji unashika tena unakuwa jiwe. Bodi ya zamani ukiitoa karatasi ukaisaga ukaipasha moto wapata unga ule ule. Kwenye nchi nilizotaja kuna mashine za kazi hiyo, zinavunja bodi, zinachuja karatasi, sumaku inanyakua skrubu, unga warudi kiwandani kutengeneza bodi mpya na karatasi inaenda kivyake.

Mtu ataniambia sisi hatuna kiwanda hicho hapa Mombasa. Sawa, lakini tuna simiti. Kila mfuko wa simiti una jipsam ndani yake, klinka, yale madonge yaliyochomwa kwenye tanuri ambayo yakisagwa ndiyo simiti, haisagwi peke yake, inatiwa jipsam kidogo, kama asilimia 3 hadi 5, bila hiyo ukichanganya zege linakauka kwenye beseni kabla fundi hajanyanyua mwiko. Na hapa pwani simiti imetengenezwa tangu kiwanda cha Bamburi kilipoanza miaka ya 50, na Vipingo hapo Kilifi kiwanda kipo. Jipsam inachimbwa mbali huko, Kajiado, Garissa, Tana River, inapakiwa kwenye malori inasafirishwa, huku sisi tunaisomba iliyo safi kabisa tunaenda kuizika Mwakirunge. Nchi nyingine jipsam ya bodi inaingia kwenye simiti, ni jambo linalofanyika. Najua viwanda vina wakemia wao na hawawezi kupokea chochote tu, karatasi lazima itoke, lazima ipimwe, na kiasi chetu kwao huenda kikaonekana kidogo. Hilo ni la kukaa mezani kuzungumza, na wa kuwaita mezani ni Kaunti, fundi wa siling hawezi kuita kiwanda.

Kuna shamba vilevile. Jipsam inatumika kwenye udongo ulioharibiwa na chumvi, na karanga zaipenda kwa sababu ya kalsiamu, inasaidia maganda kujaa. Wakulima wa Kwale na Kilifi wangeweza kufaidika na unga wa vipande vipya vilivyosagwa, hata kwa mashine ya nyundo kama zile za kusaga chakula cha mifugo, almuradi iwe ya kazi hiyo tu wala isisage tena chakula. Lakini hapa niseme wazi, ni vipande vipya tu, visivyo na rangi, na zile bodi za kijani za bafuni zisiingie kwa kuwa zimetiwa dawa za kuzuia maji. Na afisa wa kilimo aulizwe kwanza udongo unahitaji ama hauhitaji, si kila shamba.

Ya kubomoa ndiyo ngumu. Ina rangi, ina filla ya kuzibia maungio, ina waya za stima, na kwenye majengo ya zamani unaweza kukuta siling yenyewe si jipsam ni asbesto, na hiyo ni hatari ya aina nyingine kabisa, haikatwi, haivunjwi, haichanganywi na kitu, ina watu wake wenye leseni. Kijana wa kibarua hawezi kuitambua kwa macho, kwa hivyo msimamizi ahakikishe kabla nyundo haijapigwa.

Kwenye saiti kazi si kubwa, ni mazoea tu. Bodi zipimwe kwenye ramani kabla ya kununuliwa, wengi wetu tunaagiza kwa kukadiria halafu tunaongeza za akiba. Zikifika zilazwe juu ya mbao, zisiguse sakafu, zifunikwe, manake bodi iliyolowa hapa kwetu haikauki ikawa sawa. Vipande vikubwa vitumike kwenye makabati, juu ya milango, kwenye viraka. Vinavyobaki vitiwe kwenye magunia yao peke yao, pakavu, mbali na makombo na mbali na kifusi cha mawe. Gunia tu. Kinachoiharibu jipsam ni kuchanganyika, ikishachanganyika na uchafu hakuna mtu atakayeitaka, hata bure. Na vijana wanaokata na kupiga msasa wapewe maski, ile vumbi ya filla hasa si ya kuvuta kila siku, nimewaona mafundi wazuri wanakohoa wakiwa bado vijana.

Lakini magunia yakishajaa yaende wapi, hapo ndipo tunakwama sote, mwema na mbaya. Sheria ipo, ile ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kupokea na kuchambua vitu vinavyoweza kutumika tena. Katiba yenyewe kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi. Kibarani sote twaikumbuka ilivyokuwa, jaa limekaa kando ya bahari pale mlangoni mwa mji miaka na miaka, na siku ilipoamuliwa lifungwe likafungwa na miti ikapandwa. Kwa hivyo likiamuliwa linawezekana.

Mimi naomba vitu viwili, sio vingi. Kwanza pawe na banda moja lenye paa, kila upande wa mji, Kisauni, Likoni, Changamwe na Kisiwani, la kupokea jipsam safi peke yake. Paa ni lazima, isinyeshewe. Ikishakuwa nyingi mahali pamoja ndipo kiwanda ama mkulima ama kijana mwenye mashine ya kusaga atakuja kuitafuta, hakuna mtu atakayezunguka saiti moja moja kuokota magunia mawili.

Pili, na hili nimelifikiria sana, mtu wa mkokoteni asilipwe yote saiti. Alipwe nusu wakati wa kupakia, nusu nyingine akirudi na kikaratasi kilichopigwa muhuri kule bandani kwamba mzigo umefika. Hawa ni watu wanaotafuta riziki ya halali kwenye jua kali, akimwaga njiani si kwamba ni mbaya, ni kwamba hakuna anayemlipa kwa kufika. Mlipe kwa kufika uone kama hatafika. Na huyo kontrakta anayeidhinishiwa ramani na Kaunti awekewe sharti, vile vikaratasi avilete kabla hajapewa cheti cha watu kuhamia. Gharama ataitia kwenye bei ya kazi kama anavyotia gharama ya maji na ulinzi, mwenye nyumba anayelipia siling ya balkhedi tatu na taa za rangi hawezi kushindwa na magunia matano.

Naomba afisa wa mazingira wa Kaunti ajibu kupitia gazeti hili: je, kwa sasa kuna mahali popote Mombasa ambapo jipsam safi inapokewa ikiwa imetengwa, na kama hapana, Kaunti iko tayari lini kukaa na viwanda vya simiti na mafundi wa siling kwenye meza moja? Saiti yetu magunia tumeshayatenga na wakandarasi wengine wawili ninaowajua wako tayari kuanza wiki hiyo hiyo tutakayoambiwa pa kuyapeleka.

Msimamizi wa saiti,
Mtopanga, Kisauni,
Mombasa